Pazia la Mapenzi: Vichekesho vya Hollywood na Picha za Ngono, 1934–2013

Filamu ya Don Jon, ambayo Joseph Gordon-Levitt aliiandika, akaiongoza na kuigiza humo kama mhusika mkuu, ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Januari 2013 katika tamasha la filamu la Sundance, jimbo la Utah, ikiwa bado na jina refu la Don Jon's Addiction, na Septemba ya mwaka huo ikaingia katika majumba ya sinema ya Marekani. Inamhusu kijana wa New Jersey, mhudumu wa baa, ambaye hakosi wanawake wa kulala nao, lakini yeye humwona kila mmoja wao hafifu akimlinganisha na picha za ngono anazozitazama kutwa kwenye kompyuta yake. Ni rahisi kuichukua filamu hiyo kama habari ya maradhi mapya yaliyoletwa na intaneti. Historia ya sinema ya Marekani inaonyesha kwamba jambo lililo jipya ndani yake ni dogo kuliko linavyodhaniwa, kwa kuwa biashara mbili, ile ya vichekesho vya mapenzi na ile ya picha za ngono, zilitenganishwa kwa mkono wa wadhibiti katika miaka ya 1930, kila moja ikaishi kwa kile ambacho nyingine ilinyimwa, na Don Jon ni mojawapo ya filamu chache zilizothubutu kuzikutanisha tena na kudai kwamba hazijawahi kuwa mahasimu.

Kichekesho cha mapenzi, kama aina hiyo ya filamu inavyoeleweka hapa, ni hadithi ya watu wawili ambao mtazamaji anajua mapema kuwa watapatana, lakini ambao huzuiwa na jambo fulani kwa muda wa saa moja na nusu au zaidi. Kila kitu hutegemea kipingamizi hicho. Katika tamthilia za kale kipingamizi kilikuwa baba mkali, mahari, au tofauti ya tabaka. Hollywood ilivirithi vyote hivyo, lakini ikaongezewa kingine ambacho watunzi hawakukibuni wenyewe, nacho ni sheria ya kutoonyesha.

Sheria hiyo ilikuwa na mizizi katika mahakama. Mwaka 1915 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya kampuni ya Mutual dhidi ya jimbo la Ohio, iliamua kwamba sinema ni biashara tu kama biashara nyingine, na kwa hiyo hailindwi na haki ya uhuru wa maoni. Kuanzia hapo kila jimbo na kila mji uliweza kuunda bodi yake na kukata filamu kadiri ulivyopenda. Wenye studio, wakihofia hasara ya kuwa na nakala tofauti kwa kila mji, walimwajiri Will Hays mwaka 1922 awe msemaji na mlinzi wao, na mwaka 1930 wakakubali Kanuni za Utayarishaji, waraka ulioeleza yale yasiyoruhusiwa katika filamu. Waandishi wake wakuu walikuwa Wakatoliki wawili: Martin Quigley, mchapishaji wa jarida la wafanyabiashara wa sinema, na padri Daniel Lord wa shirika la Wajesuiti. Kwa miaka minne kanuni hizo zilipuuzwa waziwazi. Mambo yalibadilika mwaka 1934, pale Wakatoliki kwa mamilioni walipotia saini ahadi ya kuzisusia filamu chafu, na wenye studio, ambao tayari walikuwa wameumizwa na mdororo wa uchumi, wakamkabidhi Joseph Breen ofisi yenye mamlaka kamili, hivi kwamba tangu Julai mwaka huo filamu isiyo na kibali chake haikuweza kuonyeshwa katika kumbi za studio kubwa bila faini ya dola 25,000. Ikumbukwe kwamba aliyeamua hapa hakuwa serikali. Kanisa lilishika upande mmoja wa kamba na fedha zikashika wa pili, na asili hiyo ya kikanisa inafaa kuwekwa akilini, maana padri ataonekana tena mwishoni mwa habari hii.

Filamu iliyokuja kuwa kielelezo cha zama hizo, It Happened One Night ya Frank Capra, ilitoka Februari 1934, miezi mitano kabla Breen hajaanza kazi, kwa hiyo haiwezi kusemwa kuwa ni zao la udhibiti wake. Ilitangulia tu kuonyesha jinsi ya kuishi nao. Clark Gable na Claudette Colbert, mwandishi wa habari na binti wa tajiri aliyetoroka kwao, wanalazimika kulala chumba kimoja cha nyumba ya wageni bila kuwa mume na mke, na mwanamume anafunga kamba katikati ya vitanda na kuning'iniza blanketi, ambalo analiita kuta za Yeriko. Mtazamaji hakuonyeshwa lolote zaidi ya blanketi hilo likitikisika pale nguo za mwanamke zilipotundikwa juu ya kamba. Mwishoni, baada ya ndoa, inasikika tarumbeta ya kitoto na blanketi linaanguka sakafuni huku kamera ikiwa nje ya mapenzi yenyewe. Filamu hiyo ilishinda tuzo zote tano kuu za Oscar, na studio zikapata somo lililokuwa na thamani kubwa kuliko tuzo hizo: kwamba pazia, likitumiwa kwa akili, huuza tiketi kuliko kinachofichwa nyuma yake.

Vichekesho vilivyofuata, kama The Awful Truth ya mwaka 1937, Bringing Up Baby ya mwaka 1938 na The Philadelphia Story ya mwaka 1940, vilihamishia mahaba kwenye ulimi. Wapenzi waligombana, walikatizana maneno, walidanganyana kwa ustadi, na kasi ya majibizano yao ikachukua nafasi ya mambo ambayo Breen asingeyapitisha. Mwanafalsafa Stanley Cavell, katika kitabu chake Pursuits of Happiness cha mwaka 1981, aliviita baadhi ya vichekesho hivyo vichekesho vya kuoana upya, kwa sababu wahusika wake ni watu walioachana au waliokaribia kuachana, wanaolazimika kujifunza upya kuongea kabla ya kurudiana. Hoja yake inafaa hapa kuliko alivyoweza kufikiri wakati ule, kwa kuwa inaifanya ndoa kuwa mazungumzo yasiyokwisha baina ya watu wawili wanaoweza kujibizana. Na ndicho hasa kitu ambacho picha za ngono, kwa maumbile yake, haziwezi kumpa mtazamaji.

Wakati huohuo picha za ngono zenyewe zilikuwepo, gizani. Zilikuwa filamu fupi za dakika chache, nyingi bila sauti na bila rangi, zisizo na jina la mtengenezaji wala la waigizaji, zikizungushwa na mtu mwenye projekta aliyekwenda kuzionyesha katika klabu za wanaume, vyama vya maveterani na mabweni ya vyuo. Zilitazamwa kwa pamoja, kwa kelele na mzaha, na wanawake hawakuruhusiwa kuingia. Hazikuwa na hadithi kwa sababu hazikuwa na kipingamizi: mlango unafunguliwa na mambo yanaanza. Ndivyo mgawanyo ulivyokuwa kwa takribani miaka thelathini, upande mmoja kukiwa na kizuizi bila tendo, na upande wa pili tendo bila kizuizi.

Ukuta huo ulibomoka polepole, kisha ghafla. Mwaka 1952 Mahakama Kuu ilibatilisha uamuzi wa 1915 na kuipa sinema ulinzi wa uhuru wa maoni. Mwaka uliofuata Otto Preminger alitoa The Moon Is Blue bila kibali, kichekesho chepesi ambacho kosa lake kubwa lilikuwa kutamka maneno kama bikira na kimada, na kikapata faida nzuri. Pillow Talk ya mwaka 1959 iliheshimu kanuni na kuzidhihaki kwa pamoja: skrini iligawanywa katikati, Doris Day akiwa katika bafu lake na Rock Hudson katika lake, kila mmoja nyumbani kwake na simu mkononi, na nyayo zao zikaonekana kana kwamba zinagusana ukutani. Ulikuwa ustadi wa mwisho wa zama za pazia. Novemba 1968 Kanuni za Utayarishaji zilizikwa rasmi, na chama cha wazalishaji wa filamu chini ya Jack Valenti kikaleta mfumo wa madaraja ya umri, ambamo daraja la juu kabisa lilikuwa X, herufi ambayo wauzaji wa ngono waliivamia mara moja na kuifanya tangazo lao.

Mwaka 1969 ulikuwa na matukio mawili yenye uzito. Denmark, ambayo ilikwisha kuruhusu maandishi ya ngono mwaka 1967, iliruhusu pia picha na filamu, ikawa nchi ya kwanza duniani kufanya hivyo. Na nchini Marekani, katika kesi ya Stanley dhidi ya Georgia, Mahakama Kuu iliamua kwamba serikali haiwezi kumwadhibu mtu kwa kuwa na filamu chafu nyumbani mwake kwa matumizi yake mwenyewe. Uamuzi huo wa pili haukuhusu kuuza wala kuonyesha hadharani, na pengine ndiyo sababu haukutiwa maanani sana na watu wa sinema, ingawa ulikuwa umekwisha kuchora ramani ya nusu karne iliyofuata: makao ya picha za ngono yangekuwa chumba cha mtu binafsi.

Kabla ya kufika huko, zilipita kwanza katika majumba ya sinema. Filamu ya ngono ya Deep Throat ilifunguliwa New York Juni 1972, na kwa muda mfupi ikawa fasheni kwa watu wenye heshima zao, wake kwa waume, kupanga foleni kuitazama na kuizungumzia kwenye tafrija. Wakosoaji wengine walitabiri kwamba ngono na hadithi zingeungana katika filamu moja ya kawaida. Utabiri huo haukutimia. Mwaka 1973, katika kesi ya Miller dhidi ya California, Mahakama Kuu iliziachia jamii za mahali zipime uchafu kwa viwango vyao, jambo lililowafanya wasambazaji wakubwa waogope kesi katika kila mji. Na mwaka 1980 mwigizaji wa Deep Throat, Linda Lovelace, alieleza katika kitabu cha maisha yake kwamba alilazimishwa kwa vipigo na vitisho na mume aliyekuwa naye wakati ule. Masimulizi hayo yaliondoa kicheko kilichobaki. Tena yalifichua swali ambalo fasheni ya mwaka 1972 haikutaka kuliuliza, la nani aliyeko upande wa pili wa picha.

Kilichozitoa picha za ngono katika majumba ya sinema kwa kiasi kikubwa kilikuwa mashine, wala si mahakama. Kanda za VHS, zilizoanza kuuzwa na kampuni ya JVC nchini Japani mwaka 1976, ziliwawezesha wanunuzi kutazama filamu nyumbani bila kuonekana na jirani, na katika miaka ya 1980 maduka ya kukodisha kanda yakaenea Marekani nzima, mengi yakiwa na vichekesho vya mapenzi kwenye rafu za mbele na chumba cha nyuma kilichofungwa kwa pazia. Umati uliokuwa ukipiga kelele pamoja ukatawanyika, akabaki mtazamaji mmoja mbele ya deki yake, mwenye uwezo wa kurudisha nyuma na kusogeza mbele. Uwezo huo wa kuruka yasiyotakiwa ndio uliobadilisha namna ya kutazama, kwa sababu hadithi, hata ile nyembamba iliyokuwemo katika filamu za miaka ya 1970, ikawa kitu cha kupitishwa haraka.

Vichekesho vya mapenzi, kwa upande wao, vilipata uhai mpya mwishoni mwa miaka ya 1980, lakini vilikuwa na shida ya wazi: ngono haikuwa tena kipingamizi. Katika When Harry Met Sally ya mwaka 1989, iliyoandikwa na Nora Ephron na kuongozwa na Rob Reiner, wahusika wanalala pamoja kabla ya mwisho, na usiku huo, badala ya kumaliza hadithi, ndio unaoiharibu. Pretty Woman ya mwaka 1990 ilikwenda mbali zaidi, ikaanza na ngono ya kulipia na kufanya busu la mdomoni kuwa ndilo lililokatazwa. Sleepless in Seattle ya mwaka 1993 ilitatua shida kwa njia ya kistaarabu, ikiwaweka wapenzi katika miji miwili isiyokaribiana mpaka dakika za mwisho. Werevu haukukosekana katika filamu hizi, lakini ni lazima kukiri kwamba nyingi za zile zilizozifuata ziliziba pengo kwa kutoelewana kwa kubuni, mbio za kwenda uwanja wa ndege, na wimbo.

Kisha ukaja mtandao. Bunge la Marekani lilijaribu kuzuia uchafu kwenye intaneti kwa sheria ya mwaka 1996, na mwaka uliofuata Mahakama Kuu ikafuta sehemu kubwa ya makatazo yake. Tovuti ya YouTube, iliyoanzishwa mwaka 2005, ilionyesha kwamba video inaweza kutazamwa papo hapo bila kupakuliwa na bila malipo, na kufikia mwaka 2007 tovuti za ngono zilizoiga mfumo huo, zikiwemo Pornhub, zilikuwa zimeanza kazi. Mwaka huohuo simu ya iPhone ikaingia sokoni. Hollywood ililipokea jambo hili kwa mzaha kwanza. Katika Knocked Up ya Judd Apatow, ya mwaka 2007, marafiki wanaojikalia tu nyumbani wanapanga kutajirika kwa tovuti inayoorodhesha dakika ambazo waigizaji wa kike wako uchi, na katika Zack and Miri Make a Porno ya Kevin Smith, ya mwaka 2008, wawili waliokwama kwa kodi ya nyumba wanaamua kutengeneza filamu ya ngono na kujikuta wanapendana. Picha za ngono zilikuwa sasa ndani ya kichekesho cha mapenzi, lakini kama fanicha ya ujana, kitu ambacho mwanamume angekiacha pindi akomaapo.

Wazo kwamba mtu anaweza kuwa mraibu wa jambo hilo, kama anavyokuwa mraibu wa pombe, lilikuwa limepita njia yake yenyewe. Vikundi vya walevi wanaosaidiana kuacha, vilivyoanzia Akron, Ohio, mwaka 1935, viliigwa mwaka 1976 mjini Boston na watu walioona kwamba ngono na mapenzi vimewatawala vilevile, na mwaka 1983 mwanasaikolojia Patrick Carnes alichapisha Out of the Shadows, kitabu kilichoeneza dhana hiyo kwa umma. Wataalamu hawakukubaliana. Mwongozo wa tano wa Chama cha Wataalamu wa Magonjwa ya Akili wa Marekani, uliotoka Mei 2013, yaani kati ya onyesho la Don Jon huko Sundance na lile la majumba ya sinema, haukuiingiza tabia hiyo miongoni mwa maradhi. Shirika la Afya Duniani liliitambua baadaye, katika orodha iliyoanza kutumika mwaka 2022, lakini likaiweka chini ya matatizo ya kushindwa kuzuia msukumo, si chini ya uraibu. Kwa hiyo kuondolewa kwa neno Addiction, yaani uraibu, katika jina la filamu, hata kama kulifanywa kwa sababu za biashara, kuliiweka mahali pazuri zaidi.

Maana Don Jon haisimulii tiba. Jina lake linaipeleka nyuma hadi Hispania ya karne ya 17, katika tamthilia ya Laghai wa Seville inayonasibishwa kwa mtawa Tirso de Molina, ambamo Don Juan, laghai wa wanawake, anaishia kuvutwa jehanamu na sanamu ya mtu aliyemuua. Katika opera ya Mozart, Don Giovanni, iliyoonyeshwa kwanza Prague mwaka 1787, mtumishi wa laghai huyo ana daftari lenye hesabu ya wanawake wote aliowapata bwana wake nchi kwa nchi, 1,003 kwa Hispania peke yake. Gordon-Levitt alilielewa daftari hilo. Jon Martello wake ni mtu wa hesabu: hupanga wanawake kwa alama, na kila Jumapili humwendea padri kuungama idadi kamili ya mara alizozini na mara alizojichua mbele ya kompyuta, kisha hupewa malipizi ya Baba Yetu kadhaa na Salamu Maria kadhaa, ambazo huzisali akinyanyua vyuma kwenye ukumbi wa mazoezi, sala moja kwa kila mnyanyuo. Dhambi, toba na misuli vimewekwa katika leja moja. Ni kichekesho kikali kuliko kinavyoonekana, hasa kwa anayekumbuka kwamba padri ndiye aliyesaidia kuandika kanuni zilizoiumba sinema ya mapenzi.

Ujasiri mkubwa zaidi wa filamu, hata hivyo, uko kwa Barbara, mwanamke anayeigizwa na Scarlett Johansson. Barbara huzitazama filamu za mapenzi kwa uaminifu uleule ambao Jon huzitazama zake. Wanapokwenda sinema pamoja, skrini inawaonyesha Channing Tatum na Anne Hathaway katika filamu ya kubuni iliyojaa kila desturi ya aina hiyo, na uso wa Barbara unang'aa kama wa Jon mbele ya kompyuta. Anamtaka mwanamume ambaye yeye amejifunza kumtarajia kutokana na filamu hizo: anamcheleweshea tendo mpaka atimize masharti, anamsukuma akasome masomo ya jioni, na anamkataza kununua vitambaa vya kupigia deki kwa sababu mwanamume anayesafisha nyumba yake mwenyewe hamvutii. Anapogundua katika kumbukumbu za kompyuta kiasi cha picha alizotazama Jon, anamwacha kwa hasira ya haki, lakini filamu imekwisha kumweka mtazamaji katika hali ya kuona kwamba kila mmoja wao alikuwa akimtumia mwenzake kuigiza picha aliyokuja nayo kichwani. Hukumu hiyo inatolewa na dada yake Jon, ambaye kwa filamu karibu nzima hakuondoa macho kwenye simu wala kufungua kinywa.

Palipo dhaifu ni katika suluhisho. Esther, mwanafunzi mwenzake Jon anayeigizwa na Julianne Moore, ni mjane aliyempoteza mume na mtoto katika ajali ya gari, na kazi yake katika hadithi ni kumfundisha kijana kwamba tendo la ndoa huhitaji watu wawili wanaotazamana. Zawadi yake kwa Jon, filamu ya ngono ya Denmark ya miaka ya 1970, ni mzaha wenye historia ndani yake, kwani inatoka katika zama fupi ambapo watu waliamini kwamba picha hizo zingeweza kuwa na hadithi na upole. Lakini msiba wa Esther unabaki kuwa kifaa cha kukomaza mwanamume, na huo ni mtindo wa kale wa vichekesho vilevile ambavyo filamu imejitahidi kuvidhihaki. Jambo moja linaiokoa: haiishii kwa harusi wala kwa ahadi ya kudumu, na padri, hata Jon anapoungama kuwa ameacha picha, anampa malipizi bila kuweza kumweleza kwa kuridhisha idadi hiyo hupatikanaje.

Filamu ilinunuliwa Sundance na kampuni ya Relativity Media, na vipande vya picha halisi za ngono vilivyomo vikapunguzwa ili isipewe daraja la NC-17, lililochukua nafasi ya X mwaka 1990 na ambalo majumba mengi ya sinema huliogopa. Ukataji huo, uliofanywa kwa hofu ya biashara, ulikuwa ndugu wa ule wa mwaka 1934. Iligharimu kiasi kisichozidi dola milioni 6 kwa makadirio, ikaingiza zaidi ya milioni 40 duniani kote. Relativity yenyewe iliomba kinga ya kufilisika Julai 2015, na katika miaka hiyohiyo studio kubwa zilipunguza utengenezaji wa vichekesho vya mapenzi, zikipendelea filamu za mashujaa zinazouzika kila nchi. Aina hiyo ilipojitokeza tena kwa nguvu mwaka 2018, ilikuwa kupitia Netflix, kwa filamu kama Set It Up na To All the Boys I've Loved Before, zisizohitaji jumba la sinema wala mwenza wa kukaa naye gizani. Zinatazamwa kitandani, kwenye kompyuta mpakato au simu, na mtu mmoja anayeweza kusogeza mbele dakika asizozitaka.